Rangi ya Kifaru

"Mjomba, kifaru kina rangi gani?"

Mpwa wangu aliniuliza akiwa amechuchumaa barazani, nyumbani kwetu Ipyana. Mbele yake lilikuwapo boksi la sabuni ambalo kwa siku tatu alilikata na kulikunja hadi likakubali kuwa kifaru. Kichwa kinachozunguka alikitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga lililokatwa nusu. Mzinga ulikuwa kipande cha tete, minyororo ilikuwa tyubu ya baiskeli, na magurudumu yalikuwa visoda kumi, vitano kila upande, vimepangwa kwa nafasi sawa kama askari wa gwaride. Kazi ilibaki moja tu. Ubavuni bado ilisomeka chapa ya sabuni, na kifaru chenye chapa ya sabuni hakimtishi mtu.

"Kijani," nikamjibu bila kufikiri.

"Kijani kama nini?"

Hapo nikakwama. Nikainua macho nitazame nje, nikidhani jibu litakuwa limesimama uani. Mpunga mchanga ulikuwa na kijani kinachokaribia manjano. Mgomba ulikuwa na kijani cha kung'aa juu, na chini ya jani kijani cha vumbi. Mchikichi ulikuwa na kijani kizito, karibu cheusi. Mkakao ulikuwa na majani mapya mekundu ambayo yangehitaji siku kadhaa ndipo yaungane na wenzake. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Mimi nilikuwa nimezungukwa na kijani pande zote, na sikuwa na hata kimoja cha kumpa mtoto.

Kesho yake nilikwenda Kyela mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kununua rangi ya kupuliza. Makopo yalikuwa yamepangwa rafuni kwa ajili ya wenye pikipiki, mageti na rimu za magari: nyeusi, nyekundu, fedha, dhahabu, buluu, kijani. Nikamwuliza muuzaji kama ana ile ya jeshi. Akacheka, akaangalia mlangoni kwa utani. "Hiyo, kaka, usiitaje kwa sauti." Alikuwa na haki ya kutania. Nchini kwetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na kila Mtanzania anajua kuwa suruali yenye mabaka inaweza kumharibia mtu safari. Kwetu kijani cha jeshi si rangi kama zingine. Kina mwenyewe.

Nikachukua kijani kilichokuwepo, nikiamini kifuniko. Kifuniko cha kopo kilikuwa cha kijani kilichotulia, kama jani la mwembe. Nilipofika nyumbani nikapuliza kwenye kipande cha bati ili kujaribu, na kilichotoka kilikuwa kijani cha fulana za kampeni. Mpwa wangu alikitazama, akanitazama, akasema kifaru hicho kitakuwa kinakwenda kwenye mkutano wa hadhara, si vitani.

Tangu siku hiyo swali lake halijaniacha, na nadhani ni kwa sababu aliliuliza kwa Kiswahili. Kiswahili kina rangi tatu tu zilizo sifa kamili, zenye kuvaa viambishi vya ngeli kama mavazi yao wenyewe: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Rangi nyingine nyingi ni vitu vilivyoazimwa. Kijani ni majani. Kijivu ni majivu. Manjano ni kile kiungo cha jikoni, zambarau na chungwa ni matunda, samawati ni mbingu, maji ya kunde ni yale tuliyoyamwaga baada ya kuchemsha kunde. Kahawia ni kahawa, na hapo watu wa Kyela tungekuwa na haki ya kulalamika, maana sisi tunalima kakao, na weusi-wekundu tunaoujua kwa mikono yetu ni wa mbegu za kakao zilizovundikwa na kuanikwa, siyo wa kahawa ya majirani zetu wa milimani. Kaki nayo inatoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, lililopita India na kuingia katika majeshi ya Waingereza. Askari aliyevaa kaki alikuwa amevaa vumbi kabla hajatembea hatua moja.

Basi mtu anayetaja rangi kwa Kiswahili anataja kitu, na anayetaja kitu anaweza kuulizwa: kipi, cha wapi, cha saa ngapi? Mtoto wa darasa la nne alikuwa anafuata sarufi ya lugha yake tu.

Hata jina la chombo chenyewe tumeliazima. Kifaru wa porini tunamwita "huyu", cha vita tunakiita "hiki". Ngeli ndiyo inayotuambia kama tukimbie au tupige saluti. Na kifaru wa porini, ukimtazama vizuri, hana rangi ya kuitegemea. Ngozi yake ni ya kijivu, lakini akigaagaa kwenye udongo mwekundu anatoka mwekundu, na akigaagaa kwenye tope jeusi anatoka mweusi. Rangi anayotembea nayo ni ya mahali alipolala. Aliyekipa chombo cha chuma jina la mnyama huyu huenda alifikiria pembe na ubavu mgumu, lakini bila kujua alikuwa ameshajibu nusu ya swali la mpwa wangu.

Duniani wapo watu wazima wanaolifanya swali hili kuwa kazi ya maisha. Wanaunganisha vifaru vidogo vya plastiki, mara nyingi kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano, na kabla ya kupuliza rangi wanatafuta namba. Wajerumani waliwarahisishia. Mwaka 1925 waliunda taasisi iitwayo RAL, na mwaka 1927 ikatoa orodha ya rangi 40, kila moja na namba yake, ili mnunuzi na kiwanda wasigombane. Kwa hiyo anayeunda kifaru cha Kijerumani anajua kwamba kijivu cha mwanzo wa Vita vya Pili ni 7021, na kwamba Februari 1943 ilitoka amri ya kuhamia manjano iliyoiva, namba 7028. Anajua pia kwamba vifaru vya Jenerali Rommel viliposhushwa bandarini Tripoli mwanzoni mwa 1941, vilikuwa bado na kijivu cha Ulaya mbele ya mchanga wa Libya. Mtu aweza kushika namba sahihi na bado akawa amepotea mahali.

Waingereza walipotea kwa namna nyingine. Katika jangwa hilohilo, mwaka 1940 na 1941, walipaka vifaru vyao mabaka ya mistari iliyonyooka, kwa rangi tatu, na moja kati ya hizo iliandikwa kwenye karatasi kuwa ni "kijivu cha fedha". Miaka mingi baadaye, kifaru cha aina ya Matilda kilichohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Bovington, Uingereza, kilipakwa upya, na mahali pa kijivu hicho ikawekwa buluu nyepesi. Wapenzi wa vifaru vidogo walikwenda, wakaona kwa macho yao, wakarudi nyumbani kupaka buluu. Vitabu vikachora buluu. Baadaye wachunguzi wa nyaraka na mabaki ya rangi ya zamani wakaonyesha kuwa rangi ile ilikuwa kijivu chenye ukijani. Kizazi kizima kilipaka mbingu mahali pa jivu, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja aliliamini jicho la aliyemtangulia, kama mimi nilivyokiamini kifuniko.

Nasi Ipyana tungeliamini jicho la nani? Vita vya Kwanza vilipita nchi hii ya Unyakyusa mwaka 1914, Wajerumani wakishuka kwenda kupigana Karonga, lakini wakati huo kifaru kilikuwa hakijazaliwa. Cha kwanza kuingia vitani kiliingia Septemba 1916, kule Somme, Ufaransa. Sijawahi kusikia kwamba baada ya hapo kuna kifaru kilichopita Ipyana. Anayekiunda hapa anakiunda kwa macho ya kuazima.

Macho hayo yalikuwa jirani kabisa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yangu mdogo alipigana vita vya Kagera. Ni mtu anayekaribia miaka sabini na mitano, ana shamba la kakao na goti linalomsumbua mvua zikikaribia, na habari za vita huwa hazungumzi. Tumezoea kumwona Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, akisikiliza redio peke yake, kisha akiizima na kwenda shambani. Nilimpelekea swali la mtoto bila matumaini makubwa. Kumbe swali la rangi lilikuwa mlango mdogo ambao yeye hakuwa ameufunga.

Alikuja na bakora yake, akaketi, mpwa wangu akampigia magoti na kumsalimu, "Shikamoo, Babu," akamwekea kifaru mbele. Babu alikigeuzageuza kwa muda mrefu. Kisha, kabla ya kusema lolote kuhusu rangi, akaweka kidole juu ya kisoda cha kwanza.

"Hili hukaa mbali kidogo na wenzake. Manne yamesongamana, la mbele limejitenga."

Nilikwenda kutafuta picha baadaye, na ni kweli tupu. Vifaru vikubwa vya jeshi letu katika vita ile vilikuwa T-59 vya Kichina, vilivyotokana na T-54 ya Kirusi: tani 36, mzinga wa milimita 100, magurudumu matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna uwazi unaoonekana. Watu hutumia vitabu kuujua uwazi huo. Baba mdogo aliujua kwa sababu alikuwa askari wa miguu, na askari wa miguu aliyetembea kando ya kifaru kutoka mpakani hadi ndani ya Uganda ana muda wa kutosha wa kuhesabu magurudumu.

"Na rangi, Babu?"

"Walikileta kijani," akasema. "Lakini mimi kijani nilikiona siku chache."

Tarehe za vita ile tulizisoma shuleni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na Novemba mosi Amin akatangaza kuwa nchi ile ni yake. Jeshi letu likajikusanya, likavuka Mto Kagera, Januari 1979 likachukua Mutukula, Februari Masaka, Machi likapigana Lukaya kwenye barabara inayopita katikati ya kinamasi, na tarehe 11 Aprili likaiteka Kampala. Ambacho sikuwa nimekisoma ni kwamba safari hiyo ilianza katika vumbi jekundu na kumalizikia katika tope la masika, na kwamba mtu aliyeifanya kwa miguu anaikumbuka kwa rangi ya vitu vilivyokuwa usawa wa kiuno chake. Vumbi lililofunika minyororo na kupanda hadi katikati ya ubavu. Tope lililokauka likapasuka kama ukoko. Na upande wa kushoto, nyuma, mahali bomba la moshi linapotokea, weusi wa masizi uliokuwa mpana zaidi kila wiki.

"Usisahau moshi," alimwambia mjukuu wake. "Ni kushoto. Ukiuweka kulia, hicho si cha kwetu."

Nilimwuliza kule Lukaya, ambako Walibya walikuja kumsaidia Amin na vifaru vyao vya Kirusi, walitofautisha vipi vya adui na vya kwetu, maana kwa umbo ni ndugu wa tumbo moja. Akanyamaza. Nikajua nimetoka kwenye mlango wa rangi na kuingia mlango mwingine. Nikarudi haraka.

Siku iliyofuata nilichukua kopo la kijani na kipande cha bati, nikatoka uani kutafuta hicho "kijani kilicholetwa". Kutoka Ipyana, ukitazama mashariki, Milima ya Livingstone ni ya buluu. Ukisafiri ufukweni hadi Matema, miguuni pa milima hiyohiyo, unaikuta kijani, yenye miti na mawe kama milima mingine. Hakuna aliyeipaka. Buluu ni hewa iliyo katikati yako na mlima. Waundaji wa vifaru vidogo wanalijua jambo hili na wamelifanya kanuni: kitu kidogo kinaonekana kama kikubwa kilicho mbali, kwa hiyo rangi yake ipunguzwe ukali, itiwe weupe kidogo. Kifaru halisi cha T-59, bila mzinga, kina urefu wa mita sita hivi. Cha mpwa wangu kilikuwa sentimita arobaini, yaani moja kwa kumi na tano. Ukisimama hatua moja kutoka kwake, ni sawa na kusimama hatua kumi na tano kutoka kwenye kifaru chenyewe.

Lakini nitasema kweli: katika hatua kumi na tano hewa ya Kagera haibadilishi kitu. Nadhani sababu kubwa ni mwanga. Kifaru kikubwa kilitazamwa juani, na jua la mchana linaishinda balbu ya sebuleni mara mamia. Rangi iliyochanganywa kwa usahihi wote, ikiingizwa ndani na kuwekwa juu ya kabati, inazama na kuwa nyeusi. Mwundaji anayeitia weupe anajaribu kurudisha jua ambalo chumba kimeinyima rangi hiyo.

Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, wanaofinyanga vyungu na kuvileta kwa mitumbwi kwenye gulio la Jumamosi la Lyulilo, hawangeshangazwa na haya. Wao hawaihukumu rangi ya chungu kibichi. Udongo una sura moja unapofinyangwa, nyingine unapokauka, nyingine unapotoka motoni, na mapambo yao mekundu na meupe huwekwa na mtu ambaye tayari anayaona yatakavyokuwa. Rangi ya kopo ni hivyohivyo. Ikiwa mbichi inadanganya. Sharti uipulizie pembeni, uiache ikauke, uitazame asubuhi, mchana na jioni, ndipo uiulize jina lake.

Kijani changu cha kampeni hakikuwa na tiba peke yake, basi tukakitafutia wenzake. Nilirudi dukani nikanunua kopo la nyeusi isiyong'aa na la rangi ya maziwa. Kwenye vipande vya bati tukajaribu: nyeusi kwanza, ikauke, kisha kijani kwa mbali, kama sentimita thelathini, mkono ukipita haraka ili rangi itue kama ukungu na kuacha weusi upumue chini yake. Kipande cha nne kilitoka kijani kizito, cha mchikichi wakati wa magharibi. Babu alikitazama, akatikisa kichwa kukubali. "Hicho ndicho walichokileta."

Tulipuliza kifaru chenyewe jioni, na hapo ndipo nilipokosea. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na kwetu Kyela mvua ikisimama inabaki hewani. Mpwa wangu alikuwa na haraka, nami nilikuwa na haraka zaidi. Rangi ya kupuliza inapokauka, vimiminika vyake vinaruka na kuondoka na joto. Uso unapoa ghafla, na kama hewa imejaa unyevu, unyevu huo unatua juu ya rangi kabla haijakaza. Dakika chache baadaye kijani chetu kilikuwa kimefunikwa na utando mweupe, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Hata kopo la rangi ya maziwa hatukuwa tumeligusa.

Niliinama nikiwa nimekasirika, nikisema kesho tutakisugua kwa msasa mwembamba na kuanza upya. Mtoto alikuwa karibu kulia. Babu ndiye aliyechukua kifaru, akakiinua usawa wa macho, akakisogeza mbali, akakirudisha.

"Asubuhi vilikuwa hivi," akasema.

Tukangoja.

"Usiku ule tulilala chini, kando yake. Chuma kikipoa sana kinashika umande. Nilipofumbua macho hakikuwa kijani, hakikuwa chekundu. Kilikuwa hivi. Nikadhani ni mawingu." Akakaa kimya kidogo. "Halafu jua likatoka, kikakauka, tukaondoka. Si sote tuliofika."

Hakuongeza neno. Mpwa wangu alipokea kifaru kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nikitafuta rangi ambayo mtu yeyote mwenye orodha na namba angeikubali, na sasa nilikuwa nimepewa ambayo shahidi wake ni mmoja. Namba ya RAL inakuambia kiwanda kilipuliza nini. Haikuambii ni nani alikuwa amelala chini akitazama juu, wala ilikuwa saa ngapi. Usahihi wa kwanza ni wa lazima, na bila ya huo tungekuwa na vifaru vya buluu jangwani hadi leo. Wa pili hauandikwi kwenye kopo lolote, na unaondoka na wenye nao, mmoja mmoja, kila mwaka.

Tuliongeza kitu kimoja tu: masizi ya sufuria, kwa kidole, upande wa kushoto, nyuma. Na kisoda cha kwanza tulikisogeza mbele.

Jumatatu mtoto alikipeleka shuleni. Aliporudi alinisimulia kuwa wenzake walikicheka, wakauliza ni kifaru gani hicho chenye ukungu, na kwa nini si kijani kama vya kwenye picha.

"Ukawajibu nini?"

"Niliwaambia hiki ni cha asubuhi."